Udongo Uliosifiwa

Kila asubuhi, kabla hajagusa uji, bibi niliyemwita mayu alikwenda ukutani kumsalimia binti yake. Alipapasa fremu ya mlango wa chumba cha kati, akageukia kulia, akanyoosha mkono mpaka ukakutana na kibuyu. Kutoka kwenye kibuyu mkono ulipanda kwenye vidole vilivyokishika, ukapita kiwiko, bega na shingo, ukafika kichwani. Hapo aliutuliza. Macho yake yalikuwa yamebaki kutofautisha mchana na usiku tu, kwa hiyo alichokijua cha mtoto yule ni kile kilichopita chini ya kiganja chake. Utosi wa binti ulikuwa umelainika kwa kuguswa, unang'aa kama mpini wa jembe la siku nyingi.

Ngoja nieleze vizuri, maana mtu asiyeijua nyumba ile atadhani nazungumzia picha ya kuning'iniza.

Mume wa mayu alikuwa fundi wa kuta. Alipokuwa hai watu walimwita fundi tu. Neno msanii lilikuja baada ya mazishi, likiletwa na wageni wenye kamera. Hakuchora kwa brashi. Alikanda udongo wa kichuguu na samadi ya ng'ombe, akaubandika kwenye tofali kwa unene wa kiganja, na kabla haujakauka akaupandisha kwa vidole gumba mpaka ng'ombe akatokeza pembe, mcheza ngoma akatokeza na chatu shingoni, nungunungu akasimamisha miiba. Rangi zilitoka hapa hapa: nyeupe ya udongo wa mtoni, nyekundu ya bondeni, nyeusi ya masizi ya chungu. Nyumba nzima ilikuwa hivyo, ndani na nje, hata ukuta wa jikoni ambao moshi uliupaka rangi yake wenyewe.

Binti alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikufa kwa homa akiwa na umri wa kuanza shule, enzi ambazo katika vitongoji vyetu vya njia ya Rwamgasa mtu aliweza kuzaliwa na kuzeeka bila kupigwa picha hata moja. Kiangazi kilichofuata baba yake alijifungia chumba cha kati, na alipotoka, binti alikuwa ukutani, amebeba kibuyu cha maziwa. Sura yake haipo mahali pengine popote duniani. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu yote niliyoyaona baadaye yanatokana nalo.

Mzee alipofariki, ukoo ulikubaliana nyumba ibaki kama alivyoiacha. Afisa utamaduni alikuja kutoka wilayani, akazunguka kuta zote kimya, akatoka anafuta miwani. Ubao ukapigiliwa mlangoni: NYUMBA YA MAKUMBUSHO. KARIBU. VUA VIATU. Mayu aliendelea kuishi humo humo, na mimi, ambaye nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi na kubaki na sauti ya darasani isiyotaka kustaafu, nikawa mwongozaji wa wageni. Nilimwita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyoita. Yeye aliniita Mwalimu, hata siku alizonikasirikia.

Wageni wetu wengi walikuwa watoto wa shule. Waliingia miguu mitupu, wakinong'ona kama wako kanisani, na kila kundi liliishia palepale chumba cha kati.

"Bibi, huyu ni nani?"

"Dada yenu. Msalimieni."

"Shikamoo dada!"

"Marahaba, wanangu," mayu aliitika kwa niaba yake.

"Mbona amefumba macho? Amelala?"

"Anacheka. Akicheka macho yanapotea, ndivyo alivyokuwa."

Basi darasa zima lilianza kucheka kwa macho yaliyofumbwa ili kuona kama inawezekana, wakagongana vichwa, na mwalimu wao akaniangalia kwa aibu. Nilimwambia awaache. Mtoto aliyecheka mbele ya ukuta ule hausahau, na sisi tulihitaji watu wasiousahau.

Sasa niseme kuhusu dhahabu, maana huku kwetu ukieleza jambo lolote bila dhahabu hujalieleza.

Bonde ambako mzee alichota rangi yake nyekundu lilikuwa bonde tu, la mbuzi na la watoto. Baadaye mtu akaokota jiwe, na kufikia mwezi uliofuata bonde lilikuwa limejaa maduara. Duara ni shimo la mchimbaji mdogo, lenye mwenye shimo na vijana wanaoshuka. Juu linafunikwa turubai, chini linashikiliwa kwa magogo. Watu walichimba bondeni, wakachimba barabarani, wakachimba nyuma ya vyoo. Kisha mtu mmoja akakumbuka kwamba nyumba za zamani zilijengwa kwa udongo wa hapo hapo. Akanunua gofu la duka la siku nyingi, akabomoa sakafu, akatwanga, akaosha, akapata. Alichopata kila mtu alikitaja kwa ukubwa alioupenda mwenyewe. Tangu hapo hakuna aliyeitazama nyumba ya udongo kama nyumba.

Mtoto wa mwisho wa mayu, mwanamume mwenye watoto wake, ndiye aliyekuwa na duara bondeni. Nilimfundisha kusoma. Alikuwa mtoto wa kurudia hesabu aliyokosa mpaka aipate, huku ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na nilikuwa namsifu mbele ya wenzake kwa hilo. Aliwahi kufanya kazi mgodi wa Buzwagi, kazi ilipokwisha akarudi nyumbani na akiba yake, akaimwaga yote shimoni. Ng'ombe wakafuata akiba. Shimo lilikuwa halijarudisha kitu, na masika yale lilijaa maji mpaka magogo yakaanza kulainika. Aliendelea kulisha vijana wake kwa mkopo wa maneno. Alikonda hadi mashati yake yakaonekana ni ya kaka yake.

Walikuja asubuhi moja, yeye na wachimbaji wake. Kati yao alikuwemo mzee mmoja wa mashimo, mcheshi, aliyepoteza kidole kwenye karasha la kusagia mawe na kukifanyia utani mwenyewe.

"Shikamoo Mwalimu," alisema yule wa kidole. "Tumekuja makumbusho."

"Karibuni. Vueni viatu."

"Viatu tunavua. Na ukuta je, nao unavuliwa?"

Walicheka wote isipokuwa mwana wa mayu. Alikuwa anautazama ukuta kwa namna nisiyowahi kumwona akiutazama, kama mtu anayekadiria uzito wa ng'ombe mnadani.

Ukoo uliitwa. Wajomba walikaa uani, wakala, wakasikiliza. Nami niliruhusiwa kusema, nikasema kwa upole na kwa mifano kama nilivyozoea: kwamba nyumba ile ni ya kwao lakini pia ni ya watoto wasiozaliwa, kwamba shimo likikauka kuna shimo lingine ila ukuta ule hauna mwingine. Waliitikia kwa vichwa. Kisha mwana alisema kwamba haombi nyumba, anaomba sampuli. Aoshe ukuta mmoja tu, mama auchague mwenyewe. Ukikosa kitu, ataacha na hatalitaja tena.

Hapo ndipo wazee wetu walipoona haki imepatikana. Ukuta mmoja kati ya zote! Hata mimi, nikiwa nimekaa pale, niliona ni kidogo.

Mayu alitoa ukuta wa jikoni, wenye ng'ombe. Waliubandua, wakautwanga kwenye kinu cha chuma, wakauosha ndani ya karai wakilizungusha taratibu ili udongo mwepesi umwagike na maji na kizito kibaki chini. Nilisimama juu yao. Karai lilibaki na mchanga mweusi na maji.

"Hakuna," nilisema, na nakiri nilitaka kupiga vigelegele.

"Hakuna *hapa*," alisema yule wa kidole.

"Mlikubaliana ukuta mmoja."

"Mwalimu, wewe umefundisha miaka yote. Mtoto akikosa jibu la kwanza, unamwambia aache shule?"

Vijana walicheka. Na kweli, sijawahi kumwambia mtoto aache.

Nataka hili lieleweke, hasa kwa wasiokaa na wachimbaji. Kwao kukosa si jibu. Anayekosa leo amesogea karibu zaidi, kwa kuwa mahali pamoja pa uongo pameondoka. Na kadiri anavyokosa ndivyo anavyoamini kwamba pale palipobaki ndipo penyewe. Si ujinga. Bila imani hiyo hakuna ambaye angeshuka shimoni hata siku moja. Lakini imani ya namna hiyo ukiiingiza ndani ya nyumba, haitoki mpaka nyumba iishe. Waliomba ukuta wa nungunungu. Mayu akakataa, wajomba wakamsihi, akakubali. Hakuna kitu. Wakaomba wa wacheza ngoma. Wajomba wakasema, mwacheni amalize hamu yake. Chatu akatwangwa, akaoshwa. Hakuna kitu. Na kila mara uso wa mwana ulizidi kuwa na tumaini, nami nilizidi kuogopa.

Kati ya kuta walizozitaka kukabaki chumba cha kati. Hapo mayu alisimama mlangoni na mikono imeshika pande zote mbili za fremu, na kwa siku kadhaa hakuna aliyepita. Wajomba wenyewe walisema basi, huyu ni marehemu, haguswi. Nilianza kulala vizuri.

Kosa lilitokea tukiwa tunakunywa chai pamoja na wachimbaji. Mwana alikuwa ameketi kizingitini, amechoka, na akasema kwa uchungu wa kujifariji, "Hata hivyo ni bure. Huu nao ni udongo tu kama ule mwingine. Labda mzee aliuchota nyuma ya choo."

Mayu aliinua uso. Kuna maneno ambayo mke wa fundi hawezi kuyaacha yapite.

"Nyuma ya choo? Baba yako? Ng'ombe na nungunungu, sawa, aliwapandisha kwa udongo wa kichuguu. Huyu, hapana! Huyu alimfuatia udongo wake bondeni. Alichimba mpaka akazama kiunoni, akauchagua kwa kidole, akauchekecha kwenye kitambaa cha kanga yangu. Nilimtwika ndoo nusu tu, akasimama njiani kupumzika. Aliniambia, huu ni mzito, haujapata kuonekana udongo mzito kama huu."

Kwingine kote mama angekuwa amemsifu mume wake, na watu wangesema alikuwa fundi kweli. Kwetu, udongo haupaswi kusifiwa mbele ya mchimbaji. Mzito, wa bondeni, wa kina cha kiuno. Niliona neno moja moja likiingia machoni mwa yule wa kidole. Kikombe chake kilisimama kati ya sahani na mdomo. Mwana aliinuka polepole, akageuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaweka kiganja juu ya dada yake.

"Mayu," alisema, "mbona hukusema siku zote?"

Yeye bado alikuwa anatabasamu kwa kumkumbuka mumewe. Aliposikia kimya chetu ndipo tabasamu lilipoanza kumtoka.

Nilifanya nilichoweza. Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Geita. Afisa utamaduni alinipokea kwa heshima, akanikalisha, akanieleza vile ambavyo mimi mwenyewe huwaelezea wengine: nyumba ni mali ya familia, ilikuwa makumbusho kwa ridhaa yao, na ridhaa hiyo iko mikononi mwa mjane. Akiwa amekataa, hakuna wa kumlazimisha. Akikubali, hakuna wa kumzuia. Alinisindikiza mpaka nje, akaniambia nimtie moyo mama. Nilirudi na ushauri ambao ningeutoa mimi.

Nilimwita seremala, tukajaribu kumkata binti pamoja na tofali zake na kumfunga ndani ya fremu ya mbao. Msumeno ulipoingia kidogo tu kando ya kibuyu, ufa ulikimbia kuelekea kiwikoni kama mjusi. Seremala aliuchomoa, akasema, "Mwalimu, huyu akitoka anatoka unga." Nikampiga picha kwa simu, nikaenda kuisafisha mjini Geita, mtaa wa Kalangalala, kwenye karatasi kubwa, nikamwekea mayu mapajani. Aliipapasa pande zote mbili, akaikunja vizuri, akanirudishia.

Mwisho nilikanda udongo mwenyewe. Nilikuwa nimewafundisha watoto ufinyanzi kwa miaka, sikuwa mgeni wa kazi ile. Nilikaa mbele ya ukuta na ubao magotini, nikampandisha binti mwingine, kipimo kwa kipimo: kibuyu, vidole, shingo, macho yaliyofumbwa kwa kicheko. Nilipomaliza niliona nimemweza. Mayu aliosha mikono kwanza, akaja, akaanza kwenye kibuyu kama kawaida, akapanda. Alipofika usoni alikaa sana.

"Umefanya vizuri, Mwalimu," alisema. "Wabeja, nashukuru. Mtoto mzuri sana."

"Ni yeye?"

Alinishika bega. "Huyu ni mtoto wa jirani."

Siku zile mvua haikukoma. Vijana wa duara walianza kuondoka mmoja mmoja kwenda mashimo ya wengine, na aliyebaki hakubaki kwa mapenzi. Mwana alikuwa akija jioni, anakaa na mama yake. Wakati mwingine alimpikia. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angeipandisha. Nilikaa naye nikamweleza tena habari ya sampuli zilizotangulia, kwamba kuta zote zilisema neno moja. Alinisikiliza kama alivyokuwa akinisikiliza darasani, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha kurudia." Hakusema kwa kejeli.

Siku moja kabla ya jambo lenyewe alikuja na tochi ya kichwani imeshavaliwa, mchana. Alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mayu, vijana hawashuki tena. Wanasema magogo yameoza. Kesho nashuka mwenyewe."

"Shimo lenye maji?"

"Nimeyavuta kidogo kwa pampu. Kuna mkanda wa jiwe la dhahabu pale chini, niliuona kabla ya mvua. Nikiufikia nitakuwa mtu tena."

"Na magogo?"

Alirekebisha mkanda wa tochi kichwani.

Mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni. Niliacha.

"Usipokwenda?" mayu aliuliza.

"Nisipokwenda nina nini? Watoto wananiangalia. Nimebaki na shimo na huu ukuta, mayu. Huu ukuta hauwezi kuniangukia. Nakuomba."

Aliuliza kitu ambacho sikukitarajia. "Wewe unamkumbuka dada yako?"

"Namkumbukaje? Nilizaliwa ameshaondoka. Namjua hapo ukutani."

"Hata mimi," alisema mayu. "Nilikuwa na uso wake kichwani, wangu mwenyewe, wa kabla ya ukuta. Siku moja nikautafuta nikaukosa. Nikabaki na huu wa baba yenu." Mvua ilikuwa inapiga bati. "Aliyekufa hashuki shimoni, ng'wanone. Aliyekufa ameshashuka. Chukua."

Niliita, "Mama!" Sikuita mayu. Sijui kwa nini.

"Mwalimu, wewe una mtoto chini ya magogo mabovu?" Hakunikaripia, aliuliza kama mtu anayetaka kujua, kisha akamgeukia mwanawe. "Basi. Ila sharti moja. Asiguswe na mkono wa mtu mwingine. Mbanduaji awe wewe, mtwangaji awe wewe, mwoshaji awe wewe. Wengine wakae nje."

Mwana alikubali, akalaza paji la uso kwenye miguu ya mama yake.

Ilikuwa asubuhi ya kesho yake, mvua imepumzika. Wachimbaji walikaa uani kwa adabu isiyo ya kawaida, wamevua hata kofia. Mayu alikataa kwenda kwa jirani. Tuliketi naye kwenye mkeka chini ya ukingo wa bati, mkono wake ndani ya wangu, na kutoka chumba cha kati tulisikia maji yakimwagiwa ukutani, kisha panga likikwangua.

"Amefika wapi?" aliniuliza.

Nilichungulia. Alikuwa ameanzia chini. "Kwenye miguu."

"Sasa?"

"Gauni."

"Kibuyu?"

"Anakitoa." Alikuwa anakitoa kwa vidole, ameweka panga chini. Kilitoka kizima, akakikalisha ndani ya ndoo kama mtu anayekalisha yai.

"Sasa?"

Nilifundisha kwa maisha yangu yote, na kazi ya mwalimu ni kuendelea kueleza hata pale sauti inapokataa. Nilimwambia begani. Nilimwambia shingoni. Kisha nikasikia panga halikwangui tena, na sikuweza kugeuka kutazama.

"Amesimama," nilisema.

"Anamwogopa," alisema mayu. Akapaza sauti kuelekea ndani, sauti ya kumhimiza mtoto anayevuka mto. "Endelea, bhabha! Hana neno, anacheka tu. Endelea!"

Akaendelea.

Alitwanga mwenyewe. Tulisikia mchi wa chuma ukigonga kinu. Wengine walitaka kumsaidia akawafukuza kwa kichwa. Alichekecha, akatwanga tena makapi, akabeba karai mpaka kwenye pipa la maji uani, akachuchumaa, akaanza kuzungusha. Maji mekundu yalimwagika miguuni pake. Akaongeza maji. Mekundu tena, halafu ya waridi, halafu meupe. Yule wa kidole alikuwa anajiinua kwenye visigino bila kujijua.

"Punguza," alinong'ona. "Punguza, utamwaga. Kushoto."

Mwana aliinamisha karai upande mmoja. Kwenye ukingo wa mchanga mweusi kulikuwa na uzi wa njano mwembamba kuliko unywele, na mwishoni mwa uzi punje moja ambayo ungeweza kuidhania ni kosa la jicho.

"Iko!" yule wa kidole alipiga kelele. "Iko! Si nilisema! Mzito, mama alisema mzito!"

Uani kuliripuka. Wengine walikumbatiana, mmoja alikaa chini akalia. Ningetaka kuwaeleza, na labda niliwaeleza, kwamba katika ardhi yetu ukiosha kwa uvumilivu udongo wowote, wa kaburi, wa uwanja wa shule, wa chungu cha bibi yako, utakuta alama ya namna hiyo. Kwamba ile haikutosha kununua hata buti za kushukia. Hakuna aliyenisikia. Walikuwa wameshachukua majembe kuelekea kwenye kuta za vyumba vya nyuma, ambazo mwanzoni hakuna aliyezitaka, na ubao wa mlangoni ulianguka kwa kupigwa bega.

Mwana hakuinuka. Aliendelea kuchuchumaa na karai mikononi, analitazama, na sikuweza kusoma kama uso wake ni wa furaha.

"Nionyesheni," alisema mayu.

Nilimwongoza mpaka kwenye pipa. Alichuchumaa kwa shida mbele ya mwanawe, akanyoosha kidole, na mwanawe akakishika akakielekeza kwenye ukingo wa mchanga.

"Hapo, mayu. Chini ya kidole chako."

Alipapasa. Alipapasa tena, akabonyeza zaidi, akikisogeza kidole kama anayetafuta mlango gizani.

"Wapi?"

"Hapo hapo. Umeigusa."

Aliinua mkono ili ajaribu kidole kingine, na mwanawe akapiga ukelele. "Usijifute! Mayu, usijifute, imebaki kwako!" Watu waliokuwa wanakwenda kwenye kuta waligeuka. Kwenye karai uzi ulikuwa umekatika na punje haikuwepo. Mayu alitulia kabisa, mkono hewani, kama mtu aliyeambiwa ana nyuki begani.

Mwana alisogeza karai chini ya mkono wa mama yake. Alichota maji kwa kiganja, akaudondoshea kidole tone kwa tone, akikigeuza huku na huku, akiisugua ncha yake polepole kwa kidole gumba, akisafisha ukucha, mistari, makunyanzi yote. Hakuwahi kumshika hivyo tangu awe mtu mzima. Wachimbaji waliinama kuwazunguka.

"Bado?" aliuliza mayu.

"Bado. Vumilia."

Naye akamwachia mkono wake wote, akafungua na vidole vingine, ili avioshe navyo.